Kimo na Mwendo

Mtunzi wa mashairi hupima kabla hajasema. Huhesabu mizani, huchungua vina, na mshororo ukipungua silabi moja sikio humwambia hata kama jicho limekwisha kupita. Lakini mizani ya ushairi ina raha yake: mshororo ukishaandikwa hautembei. Upime leo, upime baada ya miaka mia, utaukuta palepale. Mtoto si hivyo. Mtoto hupimwa akiwa njiani, na kimo alichokutwa nacho asubuhi ya leo ni kama unyayo mmoja mchangani. Hausemi kama mwenye mguu alikuwa akikimbia, akitembea, au amesimama.

Lugha ya pwani haikupungukiwa na vipimo. Ina shibiri na morita, ina dhiraa, ina wari na pima. Kwa mtoto asiyekua ina maneno pia, na makali: amedumaa, amevia, na lile la kebehi, kijeba, anayeitwa hivyo mtu ambaye umri umemkomaza na umbo limebaki nyuma. Maneno yote haya hutamkwa jambo likishakuwa. Hakuna hata moja linaloeleza lilianza lini, wala kwa sababu gani. Barazani mtoto hulinganishwa na wa jirani, naye jirani huambiwa aseme mashaallah, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mtu wa kwanza anayejulikana kuandika mwendo wa mtoto mmoja tangu kuzaliwa hadi utu uzima alikuwa Mfaransa wa Bourgogne, Philibert Guéneau de Montbeillard. Hakuwa tabibu. Alikuwa mwandishi, rafiki wa Buffon, na sehemu kubwa ya habari za ndege katika kitabu kikubwa cha Buffon kuhusu viumbe ilitoka katika kalamu yake. Mwanawe alizaliwa mwaka 1759. Tangu mwaka huo hadi 1777 baba alimsimamisha kijana, aghalabu kila baada ya miezi sita hivi, akampima na kuandika. Mita ilikuwa bado haijazaliwa. Alitumia futi na inchi za Ufaransa ya wafalme. Buffon alizichapa hesabu hizo katika nyongeza ya kitabu chake, na akaongeza mambo madogo yenye utamu: kwamba kijana alikua zaidi majira ya joto kuliko ya baridi, na kwamba baada ya usiku mzima wa dansi alionekana kupungua kimo, kisha akarudi alivyokuwa alipopumzika. Hilo la pili ni kweli kwa kila mwanadamu. Vipande laini vilivyo baina ya pingili za uti wa mgongo hubanwa mchana na kunyooka usiku, ndiyo maana mtoto hupimwa vyema saa ileile kila mara.

Daftari hilo lilikaa kimya karibu miaka 150. Mwaka 1927 Mmarekani Richard Scammon alizigeuza futi zile kuwa sentimita, zikachorwa. Mstari wa kimo haukuwa na la ajabu, ulipanda tu. Ajabu ilikuwa katika mstari wa pili, ule wa mwendo, unaoonyesha mtoto ameongeza kiasi gani kila mwaka. Huo una umbo la bahari. Unaanza juu sana, maana mtoto mchanga huongeza kiasi cha sentimita 25 katika mwaka wake wa kwanza. Unashuka hadi sentimita 12 hivi mwaka wa pili. Kisha unatulia, sentimita tano au sita kwa mwaka, kuanzia umri wa miaka minne hadi karibu na balehe. Hapo huinuka wimbi moja, kwa msichana karibu na miaka 12 na kwa mvulana karibu na 14, mwaka ambao wengine huongeza sentimita nane, tisa au hata kumi. Halafu wimbi hufa, na mtu anakuwa na kimo atakachozikwa nacho, kasoro kile kidogo ambacho uzee utakichukua.

Kwa hiyo swali la daktari mwenye kuijua kazi yake si “huyu ni mfupi kiasi gani?” Ni “alikuwa wapi mwaka jana?” Mtoto aliye mfupi kuliko wenzake wote darasani, lakini kila mwaka anaongeza sentimita zake tano au sita bila kukosa, aghalabu ni mzima, ni mtoto wa watu wafupi, au ni wa wale wanaochelewa kubalehe na kuwapita wenzao wakati hakuna tena anayetazama. Na mtoto wa kimo cha wastani aliyeongeza sentimita mbili tu katika mwaka mzima ana jambo, hata kama macho ya watu hayajaliona.

Tatizo ni nani aliyempima mwaka jana. Kliniki ya mama na mtoto hupima, na kwa miaka mingi ilijali uzito kuliko urefu. Lakini chanjo zikimalizika na mtoto akafika miaka mitano, kadi huingia sandukuni pamoja na cheti cha kuzaliwa. Miaka inayofuata, ile mitulivu ambayo mwendo ukipungua ungeonekana wazi kabisa, mtoto hana mpimaji.

Isipokuwa mmoja, naye hajijui. Visiwani fundi cherehani ndiye mpima watoto mkuu. Hutoa utepe wake kabla ya kila Idi, akapima toka begani hadi kifundoni, na mafundi wengi huandika katika daftari lenye majina. Idi hurudi kila baada ya siku 354 hivi, kwa hiyo kipimo chake kina muda maalumu, kama kile cha Montbeillard. Mtoto wa miaka saba au minane ambaye kanzu ya Idi iliyopita inamkaa vilevile huifurahisha nyumba, kwa kuwa fedha zimebaki. Ikimkaa vilevile na Idi ya pili, basi kuna la kuulizwa, na wala si mzaha: nguo na viatu vya mwaka jana ni katika mambo ambayo madaktari wa watoto huuliza wanapokosa maandishi ya kimo.

Linaloulizwa mara nyingi ni chakula, na kwa haki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Lishe duni, maradhi ya kuharisha ya mara kwa mara, minyoo, mimba zinazofuatana: hayo ndiyo yanayoviza watoto wengi. Lakini katika umati huo hupotea mtoto mwingine, mchache kwa idadi, ambaye chakula anakipata na kimo hakipandi, kwa sababu amri ya kukua haitoki au haifiki.

Amri hiyo huitwa homoni. Neno lilitolewa London mwaka 1905 na Mwingereza Ernest Starling, kutokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuamsha, kutia mwendo. Mfasiri angeweza kulifanya kichocheo, na wako waliofanya hivyo. Lakini Kiswahili huchochea moto na fitina, na mchochezi ni mtu wa kukimbiwa. Labda ndiyo maana homoni ilipita bandarini bila kuzuiwa. Neno tezi, kwa upande wake, lina bahati kubwa. Tezi ni kiungo kinachotoa homoni, na tezi ya chombo ni upande wa nyuma, penye usukani. Hakuna aliyekusudia maana hizo zikutane, lakini zimekutana pazuri: tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na isiyozidi sana punje ya kunde, ndiyo inayoshika usukani wa kukua. Hutoa homoni ya ukuaji, zaidi usiku mtoto akiwa katika usingizi mzito. Homoni hiyo huliamrisha ini na viungo vingine vitoe mjumbe wa pili, na wajumbe hao huifikia gegedu iliyo karibu na ncha za mifupa mirefu. Huko ndiko mtu anakorefuka. Balehe ikishapita gegedu hiyo hugeuka mfupa mtupu, mlango ukafungwa, wala hakuna dawa ya kuufungua.

Pituitari nayo si peke yake. Homoni ya tezi ya shingo, ile thairoidi yenye umbo la kipepeo, ikikosekana, mifupa hulala hata kama homoni ya ukuaji ipo. Homoni za tezi zilizo juu ya figo zikizidi, au dawa za jamii yake zikitumiwa muda mrefu kwa pumu au ngozi bila uangalizi, mtoto hunenepa uso na kusimama kimo. Na wapo wasichana, mmoja katika kila 2,500 hivi, waliozaliwa na upungufu katika kromosomu ya kike. Hubaki wafupi, na wengi wao hawavunji ungo wenyewe. Katika nyumba nyingi msichana wa namna hiyo hupelekwa hospitali akiwa na miaka 16 au 17, kwa sababu ya ungo, na si kwa sababu ya kimo alichokuwa akikikosa tangu ana miaka mitano.

Ipo alama moja inayostahili kujulikana na kila bibi. Mtoto anayevia kwa njaa hukonda kwanza, kisha kimo hufuata. Mtoto anayevia kwa homoni aghalabu hakondi. Ni mfupi na amejaa, mashavu yake ni ya duara, tumbo limeshiba. Watu humwona wakasema mama yake anamlisha, na mama hupewa sifa. Basi sifa hiyo ndiyo inayomchelewesha.

Na sifa huchelewesha upande wa pili pia. Mtoto wa miaka sita anayerefuka kuliko kaka yake, sauti ikaanza kuvunjika au matiti yakaanza kuota, huitwa shababu kabla ya wakati, na baba huchekelea. Lakini homoni za balehe zikija mapema huifunga gegedu mapema. Yule aliyekuwa mlingoti wa darasa la kwanza huishia kuwa mtu mfupi, kwa kuwa alikimbia mbio zake zote wakati wenzake hawajaanza.

Ili kutenganisha wote hawa, daktari huanza kwa vitu visivyo na gharama: kimo cha baba na cha mama, mwendo wa mtoto, urefu wa miguu ukilinganishwa na kiwiliwili. Kisha huomba picha ya eksirei ya kiganja cha kushoto. Mifupa midogo ya kiganja hujitokeza kwa utaratibu, na mwenye kuisoma hujua mtoto huyu wa miaka 10 ana mifupa ya miaka mingapi. Ikiwa ni ya saba, bado ana njia mbele yake. Kitabu kinachotumiwa zaidi kwa kulinganisha ni cha Greulich na Pyle, cha mwaka 1950, na picha zake ni za watoto wa kizungu wa Cleveland, Ohio, wa nyumba zenye nafasi, waliopigwa kati ya 1931 na 1942. Mtoto wa Micheweni husomwa kwa viganja hivyo mpaka leo. Si haramu, lakini msomaji wa picha afadhali akumbuke.

Katika kimo chenyewe mambo yamekwenda vizuri zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa vipimo vyake vipya mwaka 2006, lilikuwa limewapima watoto wapatao 8,500 katika miji sita: Pelotas ya Brazil, Accra, Delhi, Oslo, Davis ya California, na Muscat. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, wa mama wasiovuta sigara, wasio na dhiki. Ikaonekana kwamba hadi kufikia miaka mitano watoto wa mahali hapo sita walikua karibu sawasawa. Waungwana wa visiwani wenye jamaa Oman wana haki ya kujua kwamba mstari uliomo katika kadi za kliniki umechorwa pia kwa watoto wa Muscat. Na anayesema “watu wa huku ndivyo walivyo, wafupi kwa asili” juu ya mtoto wa miaka miwili, mstari huo haumpi ushahidi.

Tiba ina historia ambayo haikustahili kusahauliwa. Sukari ilitibiwa zamani kwa insulini ya ng’ombe na nguruwe, lakini homoni ya ukuaji ya mnyama haimfai mwanadamu. Mwaka 1958 Maurice Raben, daktari wa Boston, alieleza jinsi kijana wa miaka 17 alivyorefuka kwa homoni iliyotolewa katika pituitari za maiti. Kwa miaka 27 iliyofuata tezi zilikusanywa katika vyumba vya maiti vya nchi nyingi, maelfu kwa maelfu, zikachanganywa pamoja na kusafishwa, na maelfu ya watoto wakachomwa sindano. Walirefuka. Wazazi walishukuru. Kisha, mwaka 1985, ikajulikana kwamba Wamarekani vijana waliotibiwa utotoni walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaokula ubongo. Baadhi ya maiti walikuwa nao, na mchanganyiko ukausambaza. Marekani na Uingereza zilisimamisha dawa hiyo mwaka huohuo. Ufaransa peke yake ilipoteza zaidi ya watu 100, wengine miongo kadhaa baada ya sindano ya mwisho. Mwezi Oktoba 1985 Marekani iliruhusu homoni iliyotengenezwa na vijidudu katika maabara, isiyotoka katika kichwa cha mtu, na hiyo ndiyo inayotumika hadi leo.

Kilicho chungu ni kwamba baadhi ya watoto wale hawakuwa na hatari yoyote ya uhai. Walikuwa wafupi. Jambo hilo lingepaswa kuwafanya watu wawe wazito kidogo, lakini mwaka 2003 Marekani iliruhusu homoni mpya itumiwe hata kwa watoto wafupi sana wasioonekana kuwa na ugonjwa wowote. Sindano kila usiku kwa miaka, kwa faida ya sentimita chache. Asiyekuwa na homoni apewe, na apewe mapema. Aliye mzima na mfupi anahitaji watu waache kumwita kijeba, na hiyo haiuzwi dukani.

Visiwani hata hivyo, deni kubwa zaidi si la sindano hizo za ghali. Ni la chumvi. Thairoidi haiwezi kutengeneza homoni yake bila madini joto, na watu wengi waliamini kwamba mla samaki, aliyezungukwa na bahari, hawezi kuyakosa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwapima wanafunzi wa skuli za Unguja na Pemba. Unguja, karibu mmoja katika watano alikuwa na tezi ya shingo iliyovimba. Pemba, karibu mmoja katika watatu. Chumvi yenye madini joto ilikutwa katika nyumba zaidi ya nusu Unguja, na Pemba katika nyumba moja hivi kwa kila 100. Chumvi iliyokuwamo vyunguni ilikuwa ya Pemba yenyewe, iliyovunwa katika mashamba ya chumvi yaliyo ukingoni mwa mikoko. Nyeupe, safi, imekaushwa kwa jua, na haikuongezwa kitu. Bahari ina madini joto kidogo tu, na maji yakishakauka karibu hakuna yaliyobaki. Wakati huohuo kina mama walikuwa wakivuna mwani, wenye madini hayo, wakauanika na kuuza nje ya nchi.

Uvimbe wa shingo huonekana, ukacheka watu au ukapelekwa kwa mganga. Kisichoonekana ni kile ambacho upungufu huo humfanyia aliye tumboni. Mama akiwa na upungufu mkubwa, ubongo wa mtoto na mifupa yake hujengwa kwa amri pungufu. Na hata pasipo upungufu wa chumvi, popote duniani, mtoto mmoja kati ya elfu mbili hadi elfu nne huzaliwa akiwa na thairoidi isiyofanya kazi, au hana kabisa.

Mtoto huyo hana sura ya ugonjwa. Homoni ya mama yake imemlinda kwa kiasi, naye huzaliwa na uzito mzuri. Hulala sana. Hanyonyi kwa pupa. Ngozi yake ni kavu kidogo, manjano ya siku za mwanzo yamechelewa kuondoka, kitovu kimetokeza, choo kinampa taabu. Na halii. Akilia, sauti ni nzito, kisha hunyamaza. Wageni wa siku ya arubaini humpokezana mikononi na kusema: huyu mtoto mpole, mama yake amepata raha. Miezi mitatu ikipita hivyo, kinachopotea katika akili yake hakirudi, hata kama kimo kitarudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jean Dussault wa Québec alionyesha kwamba tone la damu kutoka kisiginoni, likikaushwa juu ya kipande cha karatasi, linatosha kumjua mtoto huyu katika wiki yake ya kwanza. Leo nchi nyingi tajiri humchoma kisigino kila anayezaliwa. Nchi nyingi za Afrika bado hazina mpango wa kitaifa wa namna hiyo. Dawa yenyewe ni kidonge kimoja kwa siku, cha homoni ileile iliyokosekana. Bei yake si kitu. Husagwa, hutiwa katika kijiko chenye maziwa kidogo ya mama, na mtoto hulambishwa. Ikianza kabla ya wiki mbili kupita, wengi wao hukua na kusoma kama ndugu zao. Haichukui muda mrefu kuona tofauti. Ngozi hulainika, mikono hupata joto, na siku moja, usiku wa manane, mtoto mpole hulia kwa sauti yake yote, na nyumba nzima ikaamka.